Siku Askari wa Mjerumani Walipogeuka Nyuma

Sikusahau.

Kaka yangu Hamisi, akishika maikrofoni na wali ukiwa umemkaa tumboni, husimulia kwamba nilisahau. Ukoo mzima hucheka, nami hucheka nao. Alisimulia kwenye harusi yangu, akasimulia kwenye harusi za watoto wake, na mwezi uliopita akasimulia tena mbele ya wakwe wapya wasionijua: kwamba mimi, msomi wa familia, mwandika makala, niliwahi kupewa amri moja tu ya kukumbuka, yenye maneno mawili, mbele ya umati wa watu wa Songea, nikaipoteza. Nikiulizwa, hukubali. Nasema nilikuwa mtoto, watu walikuwa wengi, akili ikaruka. Basi leo naandika kwamba huo ni uongo. Nilijua vizuri nilichotakiwa kusema. Nikasema kingine, kwa makusudi, kwa sauti yangu yote, na kama ningerudishwa kwenye uwanja ule leo, na magoti yangu haya yanayolia nikipanda ngazi, ningesema kilekile.

Baba alikuwa sajini, mkufunzi wa kwata, mtu ambaye akiita "Kikosi!" hata kuku wa kota walisimama. Sauti hiyo nimeirithi mimi, si Hamisi. Kwenye makongamano wenzangu huniomba nikae mbali na kipaza sauti. Tulifika Songea nyuma ya lori la jeshi, tumekalia magodoro, jogoo wa mama amefungwa mguu kwenye cherehani, na kama kawaida yetu tulifika katikati ya muhula. Jeshi halijali mihula. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimefundishwa mzunguko wa damu katika mikoa mitatu, ningeweza kuuchora nikiwa usingizini, lakini hesabu za sehemu, hizi za nusu na robo na theluthi, sikuwahi kuzikuta. Kila nilikohamia, darasa lilikuwa limezimaliza wiki iliyopita.

Watoto wa kambi tulikuwa wachache katika shule ile ya serikali, na tulikuwa na jina letu. Ukibishana na mtoto wa pale juu ya jambo lolote, zamu ya ufagio, goli lililokataliwa, nani kaanza, alikuwa na jibu moja lililomaliza kesi zote: "Nyamaza wewe, kesho uhamisho!" Ilikuwa kweli.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye dawati lililokuwa wazi karibu na dirisha. Msichana mwenye shingo ndefu na kidevu kilichoinuka akanitazama kama ninayekalia chakula.

"Usikae hapo. Hapo ni pa mtu wa kudumu."

"Yuko wapi?"

"Hajaja. Lakini ni pake."

Huyo alikuwa Gaudensia. Na Mwalimu Tasiana, mwalimu wetu wa darasa, hakumwambia anyamaze. Alifanya jambo baya zaidi: akamteua awe mwenyeji wangu. Mwalimu Tasiana alikuwa na desturi ambayo sijaikuta katika shule nyingine yoyote. Kila mtoto wa kambi aliyeingia darasani kwake alipewa mwenyeji. Mwenyeji hakuwa rafiki, maana rafiki mtu hujichagulia. Mwenyeji alikuwa na kazi. Alikuonyesha kisima, na choo chenye mlango, na mwalimu wa kuogopwa kweli na wa kuogopwa kwa adabu tu. Alikaa nawe dawati moja. Ukikosa shule, yeye ndiye aliyeulizwa. Na siku ukihama, alisimama mbele ya darasa akaeleza umekwenda wapi, ili usiwe mtu aliyefutika ubaoni.

"Mwalimu, huyu si atahama?" Gaudensia alilalamika, amekunja uso kana kwamba amepewa zamu ya kudeki.

"Atahama. Kwa hiyo fanya haraka."

Alifanya haraka. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amegundua siri yangu ya sehemu, akaipeleka kwa Mwalimu Tasiana bila kuniuliza. Tangu hapo jioni mbili tatu kila wiki nilibaki darasani na Mwalimu akinikatia kiazi kitamu juu ya meza: nusu, nusu ya nusu, theluthi. Nikipata jibu, nilikula. Nikikosa, Gaudensia alikula. Nilijifunza upesi kuliko nilivyowahi kujifunza kitu chochote, chuo kikuu kikiwemo.

Mwalimu Mkuu yeye hakututaka, na hakuficha. Madawati hayakutosha, alisema, na watoto wa kambi wanamharibia shule: wanaingia bila kumbukumbu, wanaondoka bila kuaga, wanamwachia wastani mbaya. "Jeshi lina malori, lina saruji, lina mafundi," alikuwa akisema mbele yetu, mstarini, kama vile hatumo. "Lijenge shule yake." Alikuwa ametupokea kwa sharti kwamba siku tukileta matatizo, tunarudi tulikotoka, wote kwa pamoja. Shule nyingine ya karibu ilikuwa imejaa, na ya mbali ilikuwa mbali hasa.

Haya yote yasingenisumbua kama si Hamisi. Mwaka uliofuata aliingia darasa la saba. Baba aliishia la nne, na kwa kila uhamisho alikuwa ameona madaftari ya Hamisi yakianza upya. Siku tuliposhusha mizigo Songea alituweka mstarini, mimi na kaka, mbele ya mlango wa kota.

"Hapa," alisema, "Hamisi atamaliza. Atafanya mtihani kwenye shule moja na jina moja. Atakayemvurugia, atanitambua."

Aliposema "atakayemvurugia" alinitazama mimi. Sijui alijuaje.

Kila mwaka, siku chache kabla ya mji kuwakumbuka mashujaa wake, shule yetu ilicheza Maji Maji. Wageni walialikwa, wazazi wakaja, na uwanja wa mpira ukageuka nchi ya Ungoni wakati wa Mjerumani. Wavulana walicheza ngoma ya lizombe mpaka vumbi likafika mawinguni. Mganga aliingia na kibuyu, akawanyunyizia wapiganaji, wakapaza sauti, "Maji! Maji!", wakaenda kufa kwa bunduki za mbao. Kisha kukawa kimya, ngoma ikapigwa polepole, na wazee waliokamatwa wakatolewa bomani, wakasimamishwa juu ya viti vya darasani chini ya milingoti ya goli, kamba zikapitishwa makwapani chini ya mashuka yao. Kapteni wa Kijerumani aliinua fimbo. Ombasha, ambaye ndiye koplo wa askari weusi wa Mjerumani, alitoa amri: "Vuta kamba!" Wazee wakainamisha vichwa. Wanawake wakalia. Watu wazima walilia pia, kweli kweli, maana majina yale yalikuwa ya watu wao.

Wapiganaji walikuwa watoto wa pale. Mganga, mtoto wa pale. Wajane, watoto wa pale. Mjerumani alikuwa Otmari, mtoto wa Mwalimu Mkuu, uso umepakwa unga wa mahindi na kofia ya mkonge kichwani; hakuna mzazi aliyewahi kukataa mwanawe awe Mjerumani, kwa kuwa Mjerumani alikuwa na kiti na mwavuli. Na askari wa Mjerumani, waliochoma maghala na kuvuta kamba, walikuwa sisi.

Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri. "Nyinyi mnajua kwata," alisema Mwalimu Mkuu, "na kaptula za kaki mnazo." Haikuwa desturi ya jana. Bunduki za mbao zilizotunzwa stoo zilikuwa na majina yaliyochongwa kwa misumari, majina ya watoto wa kambi waliohama kabla yetu. Yangu ilikuwa ya mtu aitwaye Pili, ambaye sikumjua na hakuna aliyemkumbuka, maana alipita kabla ya wakati wa Mwalimu Tasiana. Mwaka ule Hamisi alipofika la saba, kwa ajili ya sauti yangu, nilipewa uombasha, ingawa nilikuwa msichana na Hamisi alinizidi kimo.

Niliupenda. Sitadanganya tena katika ukurasa huu. Nilifanya mazoezi nyuma ya kota mpaka mama akatishia kunitumbukiza kwenye pipa la maji. Ningeendelea kuupenda kama Gaudensia asingenipeleka kwao Mshangano Jumamosi moja kula mahindi.

Bibi yake alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda, anageuza mahindi juu ya makaa kwa vidole bila kuungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mtoto wa nani?"

"Wa kambini," alijibu Gaudensia. "Mimi ndiye mwenyeji wake."

"Baba yake askari?"

"Sajini," nikasema, kwa fahari.

"Hee." Akanichagulia hindi, akalikung'uta majivu, akanipa. "Kula. Nasikia mwaka huu wewe ndiye unayetunyonga."

Gaudensia alicheka. Mimi nilitafuna. Bibi akaanza kusimulia, si kwa ukali, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda mtoni. Siku ile yeye alikuwa mtoto mchanga, mgongoni kwa mama yake, pale pale mbele ya boma. Hakuona, lakini mama yake alimsimulia mpaka anakufa. Kaka wa mama yake alikuwa mmoja wa waliotolewa.

"Wajerumani wenyewe hawakuwa wengi," alisema. "Wangetuweza wapi? Askari ndio walikuwa wengi, weusi kama mimi na wewe. Na hawakuja peke yao. Walikuja na wake zao wamebeba masufuria, na watoto wao. Mama alisema kulikuwa na kitoto kimoja, cha kike, kimekaa juu ya mzigo, kinakula hindi. Hindi la shamba letu, maana walikuwa wamevuna wasikolima. Kinatafuna, kinaangalia. Sura ya Mjerumani ilimtoka mama, lakini kile kitoto angekitambua hata sokoni."

"Kilifanya nini, bibi?"

"Kingefanya nini? Kitoto cha askari. Kilimaliza hindi lake."

Sikumaliza langu. Gaudensia alilimaliza.

Hapa lazima nieleze ujinga wangu, maana msomaji aliyekulia kwenye nyumba ya kawaida hatanielewa. Watu wote walijua kwamba mchezo ni mchezo, kwamba mwisho wake ulishakwisha zamani na sisi tulikuwa tunaurudia tu. Mimi sikujua. Nilikuwa sijawahi kukaa shule moja muda wa kutosha kupewa nafasi katika mchezo wowote. Nilichokijua ni gwaride, na kwenye gwaride neno likitamkwa kwa sauti inayostahili, jambo hutokea. Baba akisema kulia, watu mia wanakwenda kulia. Kwa hiyo nilidhani wazee wale hunyongwa kila mwaka kwa sababu kila mwaka kuna ombasha anayesema "Vuta kamba." Nilidhani tu kwamba mpaka wakati huo haikuwa imemjia mtoto yeyote akilini kusema kitu kingine. Nilishangaa jinsi watu walivyoweza kuvumilia miaka yote hiyo na dawa yenyewe ilikuwa rahisi namna hiyo.

Sikumwambia mtu. Usiku wa kuamkia siku ile niliwaza jambo moja tu: Hamisi. Nilijua sharti la Mwalimu Mkuu. Nikajiambia kwamba watu wakiona wazee wao wamepona, watafurahi mno hata hawatakumbuka kutufukuza.

Uwanja ulijaa. Meza ya wageni ilikuwa na kitambaa cheupe na maua ya karatasi. Palikuwa na Meja, mkuu wa kambi, aliyekaa wima kama amechorwa, na nyuma yake baba akiwa na sare. Lizombe ikapigwa, maji yakanyunyizwa, watu wakafa vizuri. Wazee wakapandishwa kwenye viti. Mmoja wao alikuwa binamu yake Gaudensia, mvulana mnene ambaye kila siku alikuwa akiniibia chaki. Ngoma ikanyamaza. Otmari akainua fimbo, unga ukimmwagika kidevuni.

"Kikosi!" nikaita.

Bunduki za mbao zikagonga chini.

"Nyuma... geuka!"

Nikawaona wenzangu macho yao. Hamisi alifungua mdomo. Lakini sauti ile ilikuwa ya baba, na watoto wa kambi miguu yao husikia kabla ya vichwa vyao. Wakageuka.

"Mbele tembea! Kushoto, kulia! Kushoto, kulia!"

Nikawaondoa. Tulipita kando ya goli, tukapita wajane waliokuwa wamekwisha kuweka mikono kichwani tayari kulia, tukapita mama aliyeuza maandazi, tukatoka kwenye uzio wa minyaa mpaka barabarani. Amri niliyoisahau siku ile ni moja tu, nayo ni "Simama." Tuliendelea kutembea mpaka karibu na geti la kambi, na huko ndiko Hamisi alikotoka mstarini na kunishika shingo.

Kilichotokea nyuma yetu nilisimuliwa na Gaudensia. Wazee walisimama juu ya viti na kamba zao, wakitazamana, hawajui kama wafe au wasife. Kisha Otmari akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akalia kwa sauti kubwa, "Baba! Askari wangu wameondoka! Sasa nani ataninyongea?" Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko, ila waliokuwa wanalia, na Mwalimu Mkuu. Mwishoni bibi yake Gaudensia ndiye aliyeinuka, akaenda polepole mpaka golini, akaanza kumfungua mjukuu wake. "Shukeni basi," akawaambia. "Jua kali. Mtaanguka."

Siku ile hawakunyongwa. Nimesoma historia tangu hapo, nimesoma mpaka nikapewa joho na kofia ya kuazima, na najua kuliko mtu yeyote kwamba walinyongwa. Najua pia kwamba askari wa Mjerumani walitoka kila upande wa nchi hii na nje yake, na kwetu ni Tabora, na Tabora walichukuliwa wengi. Watu wa adabu huniuliza kwa upole kama katika ukoo wetu alikuwepo mmoja. Sijui. Hakuna aliyesema na mimi sikukuta wa kumuuliza. Kama alikuwepo, akiwa amesimama pale mbele ya boma na bunduki yake, basi nilimgeuza nyuma na yeye pia, na hakuniomba ruhusa ya kuandikishwa wala mimi sikumwomba ya kumtoa.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Mkuu aliniita mbele ya mstari. Hakuwa na fimbo. Nilitamani angekuwa nayo.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Baba yako? Wakubwa wa kambi? Wanataka kutuambia kitu?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Babu wa baba yangu alikufa kwenye kamba ile," alisema. "Mwaka mzima watu hawa wanangoja kumlilia. Wewe umewafanya wacheke. Wafu hawafufuki kwa kugeuka nyuma, mtoto."

Alikuwa na haki, na jambo hilo limenisumbua zaidi ya viboko vyote nilivyopata shuleni. Lakini alikuwa na haki ya kulia, hakuwa na haki ya kuchagua kila mwaka nani awe wa kuliliwa na nani awe wa kulaaniwa, kisha akaita hilo kwata. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Watoto wa kambi," akasema, "chukueni madaftari yenu. Wote. Jeshi lijenge shule yake."

Tulirudi kota kwa mstari mmoja, bila amri ya mtu. Hamisi hakunipiga. Alikwenda nyuma ya tangi la maji akakaa chini, na nilipomfuata alisema bila kuinua uso, "Umeniua, Zaituni." Majina ya watakaofanya mtihani yalikuwa yanakaribia kupelekwa. Baba aliporudi aliambiwa na mama. Akasimama mlangoni muda mrefu na mkanda wake mkononi, kisha akautundika ukutani.

Siku ya pili mchana alikuja Mwalimu Tasiana. Alikuja kwa miguu, chaki kwenye kanga, Gaudensia nyuma yake amebeba viazi. Mlinzi wa geti alimuuliza anamtafuta nani. "Darasa langu," akasema, akapita. Aliandika hesabu kwenye ubavu wa tangi la maji, kwa herufi kubwa, na watoto wote wa kambi, wakubwa kwa wadogo, tukakaa chini. Mwalimu alimkalisha Hamisi karibu naye kabisa.

"Mwalimu," nikanong'ona, "si utafukuzwa na wewe?"

"Mimi sina uhamisho," alisema. "Wakinitoa nitakaa nyumbani kwangu, nao watanikuta njiani kila siku. Fanya namba tatu."

"Nilifanya vibaya?"

Alifuta kwa kiganja alichokuwa ameandika, akafikiri. "Sijui. Uliwageuza watu nyuma bila kujua unakowapeleka. Namba tatu, Zaituni."

Gaudensia yeye alikuwa na maoni. "Bibi kasema uje tena," aliniambia. "Kasema kile kitoto kingine hakikuacha hindi lake."

Mwalimu Tasiana aliendelea kuja mpaka siku baba alipoitwa kwa Meja, pamoja na mimi. Asubuhi ile baba alichukua viatu vyangu vya shule, akakaa navyo kizingitini, akavipaka dawa na kuvisugua kwa kitambaa chake cha gwaride mpaka niliweza kuona ndani yake meno yangu. Hakuwahi kugusa viatu vyangu kabla ya hapo. Ndivyo nilivyojua kwamba mambo ni mabaya sana.

Ofisi ya Meja ilinuka karatasi na mafuta ya taa. Baba alisimama mguu sawa karibu na mlango. Meja hakuniambia nikae.

"Mwalimu Mkuu wako yuko ofisi ya elimu sasa hivi," alisema. "Anataka nyinyi wote mwondolewe, na mkubwa wa pale anangoja kunisikia mimi kabla hajaweka sahihi. Anasema jeshi lilikutuma uwatukane. Nani alikutuma?"

"Hakuna, afande."

"Ulijua amri iliyokuwa inafuata?"

"Nilijua, afande."

"Iseme."

"Vuta kamba."

"Ukaiacha."

"Nikaiacha."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimepanga kusema mambo mengi, ya bibi, ya hindi, ya kitoto juu ya mzigo. Yote yakanikimbia. "Kwa sababu kikosi kilikuwa changu, afande."

Nilisikia pumzi ya baba. Meja alinitazama, kisha akamtazama yeye juu ya kichwa changu.

"Sajini, huyu mnamlisha nini?"

"Ugali, afande."

"Mpunguzieni." Akasogeza simu karibu, ile nyeusi ya kuzungusha mkono, akaweka kiganja juu yake bila kuinyanyua. "Sikiliza, mtoto. Askari anayegeuza kikosi bila amri, mimi nalijua jina lake na wewe unalijua. Nikisema ukweli kwenye simu hii, kaka yako hana mtihani. Kwa hiyo kuanzia sasa ulisahau. Hata mkiwa wazee. Hiyo ni amri. Rudia."

Nilimtazama baba. Baba alitazama ukuta.

"Nilisahau, afande."

Akazungusha mkono wa simu, akapaza sauti kwa opereta, akangoja, akapaza tena. Kisha nikasikia sauti nyembamba ya Mwalimu Mkuu ikilia ndani ya simu kama nzi kwenye chupa, maneno hayasikiki.

"Haloo! Mwalimu, habari za asubuhi. Ndiyo, nimemhoji mimi mwenyewe. Alisahau... Alisahau, Mwalimu. Mtoto, watu wengi, jua. Hata mimi niliwahi kusahau amri mbele ya mkuu wa mkoa, nikageuza bendi nzima ikaelekea ukutani... Hapana, hakuna aliyemtuma. Jeshi likitaka kusema na wewe litakuja na gari, haliwezi kutuma kitoto... Naam. Nakubali, mliumizwa, na kwa hilo nawaomba radhi, mimi kwa kinywa changu. Lakini Jumatatu wanarudi. Wote. Na wa darasa la saba jina lake liende na wenzake... Vizuri. Nashukuru."

Nikadhani amemaliza. Hakuweka simu chini.

"Na mwakani, Mwalimu, askari wa Mjerumani wapatikane kwa kura. Shule nzima... Nzima, ndiyo, pamoja na huyo wako mwenye mwavuli." Nzi akalia sana ndani ya chupa. Meja akasikiliza, amefumba macho. "Watakataa? Wazazi watakataa watoto wao wawe askari wa Mjerumani?"

Akafumbua macho, akamtazama baba, ambaye bado alikuwa amesimama mguu sawa.

"Hata hawa wana wazazi, Mwalimu. Mmoja amesimama hapa mbele yangu."

Akaiweka simu chini.